Wimbo wa Kungojea Simu

Jumatano, Thornton Heath

Na hata aibu hakuona, yule bwana mkubwa wa uhamiaji. Kamati ya bunge la huku ugenini ilimwuliza mara tatu, televisheni ikionyesha, kama simu za ofisi yake hupokewa. Akasema "hushughulikiwa". Akaulizwa kama kushughulikiwa ndiko kupokewa. Akasema hilo ni swali zuri, akanywa maji.

Mama alikuwa kwenye kochi, simu yake mezani, spika wazi, tangu asubuhi inapiga ule wimbo wa kungojea wa ofisi hiyohiyo. Pasipoti yake wanayo wao tangu wakati wa baridi, na Mama Mdogo anaumwa sana huko Unguja. Naogopa itarudi wakati wa matanga.

Mara mwenyekiti wa kamati, mwanamke wa makamo, akatoa simu yake akapiga namba ileile mbele ya watu wote. Ukatoka wimbo uleule. Wabunge wakakaa wanausikiliza. Nyumbani kwetu ukawa unapigwa mara mbili, mmoja umetangulia kidogo.

"Wimbo huu," bwana akasema, "ni ushahidi kwamba laini inafanya kazi."

Nilitaka kulia, nikacheka. Mwenyekiti akachoka, akanyoosha kidole kwenye simu yake.

"Usikate, bibi wee!" Mama akaipigia kelele televisheni. "Ukikata unarudi nyuma ya foleni!"

Akakata.

Mama akanitazama kwa furaha. "Haya, mwanangu. Tumesogea mtu mmoja."

Sikuwa na moyo wa kumwambia kwamba yule alikuwa nyuma yetu. Nikaichomeka simu kwenye chaji.