Bweni la Chokaa

Isiolo, Jumanne, 1983

Leo upepo umechelewa kuamka, alhamdulillahi. Ungeanza mapema kama kawaida yake, ningeaibika mbele ya mji mzima.

Ngoja nieleze. Tangu likizo ianze niko chini ya Madam Wairimu, msanifu majengo aliyeletwa kutoka Nairobi kusimamia bweni jipya la wasichana katika shule ya mtaa wetu wa Wabera. Kabla yake sikuwahi kumwona mwanamke Mwafrika mwenye kazi hiyo. Chuoni darasa letu la usanifu majengo ni wavulana watupu na mimi. Mwaka mzima wananiuliza kama nimepotea njia ya chuo cha ualimu. Nilichoka. Nilimwambia Mama sirudi tena, na Mama akafurahi kupita kiasi. Yeye anataka nifundishe hapa mjini, niolewe, yaishe.

Madam hakunibembeleza. Alinipa hilo bweni nilichore mimi, kisha juzi akasema nitalieleza mwenyewe mbele ya kamati ya shule, yeye atakaa nyuma na hatafungua mdomo.

"Mimi nilikuwa peke yangu darasani," akasema. "Wewe angalau una mimi."

Nikajiambia: kamati ikikubali, narudi chuoni; ikikataa, basi, chuo kwaheri.

Asubuhi wazee wa kamati wakakunja uso juu ya karatasi zangu. Waliona mistari tu. Kontrakta akacheka, akasema msichana amechora zizi la mbuzi. Nikamgeukia Madam. Madam anatazama mawingu, na mawingu yenyewe hakuna.

Nikachukua gunia la chokaa ya unga.

Nilichora bweni zima pale uwanjani kwa ukubwa wake: kuta, milango, mahali pa vitanda, ukuta mrefu upande upepo unakotoka. Wamama wa Kiborana waliokuja kusikiliza habari za mabinti zao wakainuka mmoja mmoja. Hakuna aliyewaambia kitu. Wakapita mlangoni, wakageuka, wakapima kwa mikono kitanda kitakaa wapi. Kwetu nyumba hujengwa na mwanamke, na ni yake. Hawa wamejenga zao kila walipohama na mifugo.

Kontrakta naye akaja moja kwa moja, akakanyaga mstari.

"We! Unapitaje ukutani?" akafoka bibi mmoja, fimbo juu. "Mlango huoni?"

Akarudi nyuma! Mtu mzima, kofia mkononi, akazunguka mpaka mlangoni. Wazee walicheka hadi wakashika mbavu. Halafu wakaanza kuniuliza maswali ya kweli: madirisha, maji ya mvua, joto la mchana. Nilijibu yote isipokuwa la choo, hilo nikasema nitalifikiria zaidi. Wakakubali lijengwe. Madam akapiga makofi mara moja tu, akaenda kutafuta chai.

Mama alikuwa ameapa hatakuja. Akatokea watu wakitawanyika, akasimama nje ya mlango wa chokaa.

"Salaam aleikum, mwenye nyumba."

"Aleikum salaam, Mama. Karibu ndani."

Akaingia, akatazama huku na huku kama kwamba kuta zipo, akauliza chuo kinafunguliwa lini. Nikamwambia Jumatatu. Akasema basi nguo zangu zifuliwe kesho.

Nitarudi. Na mwakani msichana mwingine akiingia chuo kile, atanikuta nimemtangulia.