Konzi ya Kwanza ya Kimea

Jumamosi, Kasulu. Mvua imenyesha tangu alfajiri, ile ya kupiga bati kidogo, ikaacha, ikarudi. Sasa ni saa kumi jioni. Nimekaa mlangoni mwa kiwanda changu, kama banda la vyumba viwili linaweza kuitwa kiwanda, miguu imo ndani ya ndoo ya maji ya uvuguvugu. Nimechoka, nina furaha, na chini ya furaha kuna jambo jingine ambalo nitalifikia nikipata ujasiri.

Kwa anayenisoma mara ya kwanza: naitwa Yusta, nakereka upesi, na natengeneza pombe kali ya mtama. Siyo gongo. Kibali nimekitundika ukutani, mahali ambapo mtu akiingia lazima akione kabla hajaniona mimi. Kazi yenyewe ni rahisi kuisema. Unapika uji wa mtama, unautia kimea cha ulezi ili uwe mtamu, unautia hamira uchachuke, ndipo unaupeleka kwenye mtambo uchemke na mvuke wake ukusanywe. Mtambo wangu ni wa shaba na unang'aa. Tangu niununue haujapata kazi, kwa sababu miezi miwili yote hii nimekuwa nikishindwa na uji.

Uji! Mimi niliyefanya kazi miaka tisa kwenye kiwanda cha vinywaji Mwanza.

Pipa la kupikia nililitengenezesha Kibondo, kwa Fundi Shabani. Ni mtu wa swala tano, na nilipomweleza pipa ni la nini aliniambia, "Mimi nachomelea chuma, dada yangu. Utakachotia humo ni kati yako na Mola wako." Akachomelea vizuri kweli. Juu akaweka mota iliyotoka kwenye mashine kuukuu ya kupukuchua mahindi, na ndani mapanga mawili ya kukoroga. Pipa likaja Kasulu juu ya lori la maharage. Siku hiyo nilijiona nimemaliza kila kitu.

Lakini mtama ninaopika si wa sokoni. Ni wa Mama. Ni ule mwekundu, mfupi, aliokuwa akichagua mbegu yake mwenyewe kila mwaka kule kwetu Nyakitonto. Huu ni wa mavuno yake ya mwisho, aliukata kwa mikono yake kabla ya kufariki mwaka jana. Aliacha magunia matatu. Nikajiapiza kwamba chupa ya kwanza ya kiwanda hiki itatoka kwenye magunia hayo, si kwingine.

Gunia la kwanza liliganda. Uji wa mtama ukishapata moto unakaza ghafla, na pipa kubwa halina huruma. Mapanga yakasimama, mkanda wa mota ukatoa moshi, chini kukaungua. Harufu ile ilinifuata hadi kanisani.

Gunia la pili nikaongeza maji nikajiona mjanja. Uji ukabaki mzito vilevile, ila safari hii mota ilijikongoja. Nikasubiri upoe, maana kimea ukikitia kwenye moto mkali kinakufa na utamu hautoki. Kipimajoto cha Fundi Shabani kimechomekwa ubavuni mwa pipa. Kikaniambia umepoa, nami nikakiamini, nikamimina kimea chote. Kumbe ubavuni ndiko kulikopoa, katikati uji bado ulikuwa unatokota. Kimea kikaiva. Nikaonja, hakuna utamu hata wa kusingizia. Kesho yake ukawa mkali kama siki, na nguruwe wa jirani ndio walionufaika. Mama alivuna, nguruwe wakala. Nililia siku hiyo na sioni haya kusema.

Mama hakuwa na kipimajoto. Alikuwa na vyungu viwili na mwiko mrefu kuliko mimi. Nakumbuka kimea kikianikwa kwenye jamvi, harufu yake kama ya mkate na udongo mbichi, na sisi tukifukuza kuku. Uji ukishaiva aliutoa motoni, akaukoroga, akazamisha ncha ya kidole na kuhesabu polepole. Akifika kumi bila kukitoa, ndipo alipotia kimea. Kabla hamira haijaingia, watoto tulipanga foleni na vikombe vya bati tupewe ule utamu ukiwa bado na joto. Hakuna kitu nimewahi kunywa kikanifikia pale ulipokuwa unafika ule uji.

Leo ilikuwa zamu ya gunia la tatu, la mwisho.

Jana alikuja mama mdogo Stefania, mdogo wake Mama, kutoka Muyama. Asubuhi nikawasha kuni, nikajaza maji, nikaanza kumwaga unga. Yeye alikuwa amekaa juu ya kreti, kitenge mabegani, akitazama pipa kwa dharau kidogo. Maji yalipoanza kupata uvuguvugu akasema:

"Yewe Yusta, ya kwao umeshawapa?"

"Ya nani?"

"Ya waliotangulia. Maji yanapata moto nawe umesimama tu."

Nikakumbuka. Unga wa kwanza ukiingia, maji yakiwa bado ya kunawa, Mama alitupa chunguni konzi ya kimea, ujazo wa ngumi moja, huku akitaja majina kwa sauti ya chini, la mama yake, la bibi yake. Kimea kingine chote kilisubiri hadi mwisho. Hii konzi ya kwanza ilikuwa ni sehemu ya wazee, na mimi tangu nilipoanza kiwanda sikuwahi hata kuifikiria.

"Mama mdogo, hayo ni mambo ya mizimu."

"Mizimu gani? Mimi nasali rozari kila siku. Tia kimea, mwanangu. Wasipopewa ya kwao uji unakaza. Wakipewa unalegea."

Nikachukua bakuli la kimea. Nilifundishwa haya darasani, jamani. Kimea kikiingia maji yakiwa ya uvuguvugu, kinaanza kuukata wanga kadiri moto unavyopanda, uji haupati nafasi ya kukaza. Ninalijua hilo kwa majina yake ya kitabuni. Miezi miwili nimegombana na mota.

Mama mdogo akasema chungu cha Mama kilikuwa cha konzi mbili, moja kwa kila jina. Tukakadiria pipa ni vyungu sita. Nikatupa konzi kumi na mbili, yeye akitaja majina yake, mimi nikihesabu tu. Kwenye ya kumi na mbili nikataja jina la Mama.

Uji ukapanda, ukaanza kukaza, nikashika swichi tayari kuzima mota. Kisha ukalegea. Mapanga yakazunguka kwa mlio uleule mmoja hadi ulipoiva. Wakati wa kupoa sikukitazama kipimajoto cha ubavuni, nilichota katikati kwa kata, nikazamisha kidole, nikahesabu kumi. Nikatia kimea kilichobaki. Saa nane mchana tulikunywa kikombe kimoja wawili, na ulikuwa mtamu, ule ule. Mama mdogo alicheka hadi akajifuta macho kwa kitenge. Sasa hamira imeshaingia na pipa limefunikwa.

Basi lile jambo.

Mwaka niliorudi kutoka Mwanza nilikuwa nimeokoka, kwa makali ambayo siku hizi sinayo. Nilimkuta Mama ameshika konzi yake juu ya chungu, wanawake wa jirani wakiwapo. Nikamwambia mbele yao kwamba nikiwa ndani ya nyumba ile hakuna atakayelisha mizimu. Alikirudisha kimea kwenye ungo, akakung'uta mikono.

Hakuitupa tena. Msimu ule ule akaanza kulalamika mabega. Alisema, "Uji wa siku hizi mzito, Yusta, mwiko hauendi." Nikamwambia ni uzee, apumzike. Akajaribu mara mbili tatu, kisha vyungu akampa jirani, na hakupika tena hadi anakufa. Watu wakiniuliza nilikuwa nasema Mama ameishiwa nguvu.

Hakuishiwa nguvu. Mota imeshindwa na uji ule, na mota haina mabega ya kuuma.

Mama mdogo yumo ndani, amelala. Sijamwambia. Alikuwapo siku ile nilipomkemea Mama, kwa hiyo labda anajua, labda amejua miaka yote hii. Mimi ninachojiuliza hapa mlangoni ni kimoja tu: nilikuwa na elimu yote ile na mdomo wote ule, kwa nini sikumuuliza hata mara moja, Mama, hiyo konzi inafanya kazi gani?