Kasha la Tatu

Haidarabadi, 4 Juni 2009

Shikamoo Amma,

Sikio lako laendeleaje? Sisi wazima, Chinni anaota meno na simu hukuisikia, ndiyo maana naandika.

Amma, nina aibu. Kazini tunatunza kumbukumbu za kliniki ya uzazi kwenye makabati ya mashine yaliyo mbali. Kila kabati lina makasha, na kila kasha lina anwani: namba ya kabati, nukta mbili, namba ya kasha. Makabati huanza na moja, lakini kasha la kwanza ni sufuri. Mkuu aliniambia, "Kabati la nne, la tatu lifutwe." Chinni alikuwa na homa, akili yangu iko nyumbani. Nikamwandikia Bwana Narsimlu, mzee wa kufuta makasha, kwenye karatasi 4:3. La tatu ni 4:2!

Akafuta. Watoto mia saba waliozaliwa, hawamo. Akawaambia wakuu, "Nimesoma vibaya, macho ya uzee." Jumatatu ya tarehe kumi na tano wanamfukuza.

Karatasi niliiokota mezani kwake, imo pochini mwangu.

Bintiyo, Hyma


Nalgonda, 9 Juni

Marahaba mwanangu,

Sikio la kushoto bado linasikia umbea, usinizike.

Unakumbuka tukipima mpunga? Kibaba cha kwanza hatukiiti moja, tunakiita faida. Ulikuwa ukinicheka: "Amma, moja umeila?" Kisipoitwa moja, kimo guniani vilevile. Nawe umo humo, hata usipotajwa.

Wakikufukuza, mchele upo na Chinni nitamlea. Usiniandikie tena mpaka karatasi itoke pochini.

Amma wako


Haidarabadi, 2 Julai

Shikamoo Amma,

Natumaini u mzima. Chinni ana meno mawili.

Imetoka. Niliiweka mezani mbele ya wakuu wote, asubuhi ileile ya Jumatatu. Bwana Narsimlu akaitazama, akasema, "Rudisha pochini, binti. Tatu yako ina tumbo, niliijua tangu siku ile."

"Na ulijua ni kosa?" nikamuuliza.

"Baada ya kufuta. Nikasema, huyu ana mtoto mchanga, mimi nimebakiza miezi miwili nistaafu."

Angenikaripia, Amma, ningepumua.

Yeye amebaki, mimi nimeondolewa. Niliomba kwanza niwarudishe watoto kutoka madaftari ya wakunga, mmoja mmoja. Jana nimemaliza. Kumi na wawili kurasa zao zilikuwa zimelowa. Majina yao sikuyapata.

Tunafika Jumamosi. Usiniulize kitu mlangoni. Nipe kibaba tu, nikupimie mpunga.

Bintiyo