Rejeta Sita za Bibi Gunvor

Jumatatu, 29 Septemba

Nimemnyonyesha Keza, nimefua nguo zake, nimezianika jikoni. Chai ilipoa mezani. Nimeinywa hivyo hivyo.

Mabomba bado yanagonga. Wiki ya pili sasa, tangu Bibi Gunvor, mwenye nyumba anayeishi juu, awashe boila. Ni kama kuna mtu ndani ya ukuta na nyundo. Keza anashtuka, anarusha mikono, analia. Ana miezi mitano tu. Na rejeta ya chumba chetu, kile chuma cha ukutani cha kupashia joto, pamoja na kelele zote hizo, ni baridi.

Leo Anders, mtoto wa Bibi, alikuja na karatasi. Anataka kung'oa mfumo wote wa mvuke, boila na rejeta, aweke pampu ya joto ya umeme. Kazi ya majira yote ya baridi, na nyumba iwe tupu. Sisi wapangaji wa chini tutoke ifikapo tarehe moja Novemba. Mama yake ahamie kwa dada ya Anders.

Bibi alishika ukingo wa meza. Boila ile aliiweka marehemu mume wake, alikuwa fundi wa mashine za meli. Akasema akipatikana fundi anayeujua mvuke, hakuna kinachong'olewa na hakuna anayehama. Anders akasema sawa, mpaka mwisho wa Oktoba. Ila mafundi hao wamekufa wote.

Nikasema nitamtafuta mimi. Sijui nilitoa wapi ujasiri huo. Mvuke ninaoujua ni wa sufuria.

Miaka mitatu tumelala sebuleni kwa watu kule Rissne ndipo tukapata hapa. Sihami.

Jumatano, 1 Oktoba

Simu saba kwa mafundi, Keza mgongoni. Wa kwanza hakuelewa Kiswidi changu. Wa pili alikielewa, akacheka. Watatu waliofuata wanauza pampu. Mmoja aliuliza presha ni ngapi, nikasema sijui, akakata. Wa saba atakuja Ijumaa.

Ijumaa, 3 Oktoba

Amekuja. Hakuvua hata viatu, nikajua hakai. Aliitazama boila akiwa mlangoni, akaipiga picha ya kumchekesha mwenzake, akasema hii ni ya makumbusho. Dakika nne.

Anders aliniambia kwa upole kwamba nimejaribu. Upole ule umeniuma kuliko tusi. Sijajaribu. Nimeanza.

Jumapili, 5 Oktoba

Kanisani, wakati wa matangazo. Mtoto amezaliwa kwa Wakongo. Msiba Bujumbura. Koti limesahaulika. Mchungaji akauliza nani mwingine ana neno. Nikasimama. Sijawahi kusimama pale, mimi niliyeishia darasa la sita kambini, mbele ya watu na shahada zao. Nikasema natafuta fundi wa mvuke wa kupasha nyumba.

Kicheko. Mzee Sebastiani akasema ninunue blanketi, au nimwambie mume wangu asogee karibu. Kicheko tena. Nilicheka nao, masikio yakiwaka moto.

Kwenye foleni ya chai mama mmoja Mkenya akanigusa kiwiko. Mama Cherono. Nilimjua kwa sura tu, anafanya kazi kwenye kiwanda cha kufulia nguo huko Södertälje. Yeye hakucheka. Akauliza, "Bomba moja ama mawili?"

Sikujua. Lakini ndiye mtu wa kwanza kuniuliza swali la maana. Alihudumia boila ya kiwanda cha chai Kericho miaka kumi na mmoja. Atakuja Jumamosi, siku yake ya kupumzika.

Nilipofika nyumbani nilihesabu kabla ya kuvua koti. Kila rejeta ina bomba moja.

Jumanne, 7 Oktoba

Keza ana mafua. Soksi mbili mbili. Baba Keza anasema nisiweke moyo wangu wote kwa mama wa kiwanda cha chai. Najua amechoka, kutwa kapiga magoti akiweka sakafu za watu. Nimemkasirikia hata hivyo. Leo sikumpakulia. Nimemwachia sufuria.

Jumamosi, 11 Oktoba

Nina aibu. Nitaandika yote.

Mama Cherono alivua viatu, akanawa mikono, akaomba tusiongee. Alishika kila bomba kwa kiganja kama anayempima mtoto homa. Akashuka kwa boila, akakaa nayo nusu saa. Akaja chumbani kwetu, akaomba pima maji. Baba Keza akampa yake kwa furaha. Akailaza juu ya rejeta. Kipovu kikasimama katikati kabisa.

"Hii nani aliinyoosha?"

Baba Keza akasema ni yeye. Kwa fahari. Agosti, alipomwekea Bibi sakafu mpya, alizikuta rejeta zimeinama kama walevi, upande mmoja umewekewa vipande vya mbao. Akazitoa mbao, akazinyoosha zote sita. Baba Keza haachi hata picha ukutani iende upande.

"Baba, umenyoosha vizuri sana," Mama Cherono akasema. "Sasa hiyo ndio shida."

Akatueleza. Mvuke unapanda kwa lile bomba moja. Ukipoa unakuwa maji, na maji yanarudi kwa njia hiyo hiyo. Kwa hiyo rejeta lazima iinamie bomba lake. Ukiinyoosha, maji yanalala humo, mvuke ukija unayarusha. Nyundo yetu ndiyo hiyo.

Baba Keza alikaa kitandani.

Kisha zamu yangu. Pembeni ya rejeta kuna kichuma kidogo cha kutolea hewa, Mama Cherono anakiita kipumulio. Siku za kwanza kilikuwa kinafoka, Keza anaamka. Nikakifunga kwa utepe wa gundi. Sikuandika humu, niliona si kitu. Kumbe hewa isipotoka mvuke hauingii. Na koki niliifunga nusu, mtoto asipate joto kupita kiasi. Koki ya hivi unaifungua yote au unaifunga yote. Nusu inaleta balaa.

"Bwana na bibi, mmeshirikiana kabisa," Mama Cherono akasema, akacheka peke yake.

Baba Keza alikata mbao mpya, wakaziinamisha zote kabla ya saa kumi. Nikabandua utepe, nikafungua koki yote, nikaweka mkono kwenye rejeta yetu. Moto. Kimya.

Lakini haijaisha. Boila ina tope ndani, lazima ifunguliwe na mtu mwenye cheti, na asaini. Mama Cherono akasema, "Mvuke naujua. Karatasi ndio sina." Ameniandikia majina ya vitu vyote na maswali ya kuuliza.

Na Anders akijua ni sisi tulioharibu?

Jumapili, 12 Oktoba

Baba Keza anataka tunyamaze. Rejeta zimepona, nani atauliza. Nimewaza tangu asubuhi. Tukinyamaza, Anders ataendelea kuamini mfumo ndio mbovu, na ataung'oa. Tukisema, anaweza kututoa sisi.

Nitasema.

Jumatatu, 13 Oktoba

Nimesema. Nilipanda kwa Bibi na Keza begani na maneno niliyoyafanyia mazoezi bafuni. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaziba mdomo kwa mkono.

Zile mbao, ni yeye aliyemwambia Baba Keza azitupe. Miaka yote alimsumbua mumewe kwamba zinachukiza macho. Mumewe alikataa kuzitoa, na hakuwahi kueleza kwa nini. Tulicheka mpaka Keza naye akacheka. Bibi alimpigia Anders mwenyewe. Sikuelewa yote, ila sauti yake haikuwa ya kuomba.

Alhamisi, 16 Oktoba

Simu nne. Leo nina maneno. Bomba moja, vipumulio sita, kioo cha kuonea kimo cha maji, tope. Wa nne aliniacha nimalize. Akauliza nani amenifundisha. Nikamwambia dada yangu wa kanisani. Ni mzee, anaitwa Rune, amestaafu nusu, cheti chake bado kiko hai. Atakuja tarehe 24.

Nimecheza na Keza jikoni bila muziki.

Jumamosi, 18 Oktoba

Mama Cherono amenifundisha kumwaga tope la kila wiki kwa koki ya chini, kazi isiyohitaji cheti. Mara nne amenirudisha mwanzo. Akaniambia boila haitaki mtu hodari, inataka mtu asiyesahau. Nimeungua kidole kidogo. Si kitu.

Ijumaa, 24 Oktoba

Fundi Rune alivua viatu.

Mama Cherono aliomba ruhusa kazini aje. Walibishana mbele ya boila saa nzima kuhusu kimo cha maji, kila mmoja na Kiswidi chake. Mwisho mzee akafuta kioo, akatazama tena, akasogea kumpisha. Wakasafisha pamoja. Akasaini. Atakuja kila mwaka kabla ya baridi.

Anders aliisoma karatasi mara mbili. Akauliza, na kila wiki? Boila inataka mtu wa kuitazama kila wiki. Mama yake, ngazi zile anazishuka kwa shida. Wote wakamtazama Baba Keza.

"Ni mimi," nikasema.

Akauliza kama najua. Nikamweleza hatua kwa hatua, kuanzia kioo mpaka koki ya mwisho. Sikukosea. Mama Cherono alikuwa anatazama dari, asije akanidokeza.

Anders akanipa ufunguo wa chumba cha boila. Alisema mkataba wetu unaendelea.

Nililia nikiwa peke yangu, kidogo.

Jumamosi, 1 Novemba

Leo ndiyo siku ambayo tungehama.

Keza amelala kifuani kwa baba yake. Nimeshuka na ndoo. Nimetazama kioo, maji yako mahali pake. Nimefungua koki taratibu. Yametoka ya kahawia, halafu ya njano, halafu meupe. Nimefunga.

Nimesimama kidogo nisikie kama mabomba yanagonga. Ni Bibi tu, juu, anaburuta kiti. Nimepanda na ndoo, nimeimwaga uani. Kuna theluji nyembamba juu ya baiskeli.