Kongamano la Waandishi na Msiba wa Bi Tatu wa Zinga

Jumamosi, Dunda, Bagamoyo, baada ya magharibi. Asubuhi manyunyu, mchana jua kali, na saa hizi kaupepo kazuri kanaingia dirishani. Nimechoka hoi, miguu inawaka moto, na bado nacheka peke yangu hapa kitandani.

Leo ndiyo ilikuwa siku ya kongamano. Mnaopita hapa mara kwa mara mnajua nilivyolisubiri: kongamano la waandishi wa pwani ambao hatujawahi kuchapishwa, tena hapa hapa Bagamoyo, hakuna habari ya kwenda Dar kuhangaika. Asubuhi mafunzo, halafu kila aliyejiandikisha anapewa muda mfupi wa kukaa na mhariri wa vitabu na kumweleza alichoandika. Mhariri akivutiwa anauomba mswada. Asipovutiwa, unashukuru na kuondoka.

Mimi nilikuwa nataka neno moja tu. Mtu wa vitabu aniambie, "Niletee nisome."

Kwa wasionijua, mimi ni mpambaji wa maharusi. Napaka hina, nasuka, nasinga. Hina ya bibi harusi ikiwa inakauka hakuna cha kufanya ila kusubiri, na mimi kusubiri kimya siwezi, basi naandika hadithi kwenye simu. Ndivyo riwaya yangu ilivyokua, harusi moja baada ya nyingine.

Msikilizaji wangu amekuwa mmoja tu, mama mkwe wangu, Bi Mgeni. Jioni yeye anasuka ukili wa mikeka, mimi namsomea. Riwaya inamhusu Bi Tatu, mjane wa Zinga anayemlea binti wa mke mwenzake, mwanamke ambaye walikuwa hawapikiki chungu kimoja. Mama mkwe anampenda huyo Bi Tatu kupita kiasi. Akipata samaki mzuri sokoni, anasema huyu angemfaa Tatu. Tukigombana mimi na yeye, ananiambia Tatu asingenijibu hivyo.

Jana jioni nilimsomea sura ambayo Bi Tatu anakufa.

Alikunja ukili wake, akaingia ndani bila kula. Nilipomfuata na sahani akaniambia kwa upole kabisa, "Niache, mwanangu. Umeniulia mtu wangu." Nikajisemea atanuna kidogo, kesho yataisha.

Kumbe ndiyo kwanza yanaanza. Asubuhi nikiwa bafuni, Mama Shani, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, alipita kuomba chumvi. Akamkuta mama mkwe kajikunyata barazani, macho mekundu. Akamuuliza kulikoni, akajibiwa Tatu kafa. Tatu yupi? Wa Zinga. Kisha mama mkwe akajifunika kanga usoni, mazungumzo yakaishia hapo.

Sasa kwetu huku mfiwa hahojiwi. Humuulizi marehemu kaumwa nini, wala mna undugu gani. Hayo utayasikia huko huko msibani. Kazi yako ni kutoa pole, kupita nyumba kwa nyumba kuwaambia wengine, na kurudi na mkeka. Mama Shani akaifanya kazi yake, na Mama Shani akipewa kazi ya kupeleka habari, mtaa mzima unajua kabla chai haijapoa.

Mimi huku sina habari. Natoka chumbani nimejikwatua: baibui jipya la nakshi, wanja, udi unanukia mpaka nje, na mdomoni nakariri maneno niliyoyapanga kwa ajili ya mhariri. Nafungua mlango wa uani, nakuta mikeka imetandikwa, wanawake wamejitanda kanga, sufuria la shughuli liko mafigani na mtu anachambua mchele. Wote wakageuka, wakanitazama kuanzia kichwani mpaka kwenye viatu.

Nilijua ni Hamisi. Mume wangu yuko Tanga kikazi, na nyumba hii haina mtu mwingine wa kuletewa habari zake kwa namna hiyo. Nikaenda chini. Wakanidaka, wakanikalisha, mmoja akawa ananipepea na kuniambia nijikaze, Bi Tatu kapumzika, sote njia yetu ni hiyo.

Bi Tatu gani?

Nikamtazama mama mkwe. Kaegemea ukuta, anapokea mikono ya pole kwa adabu zote, wala hana mpango wa kumsahihisha mtu.

Ikabidi niseme. Nikawaambia jamani, Bi Tatu si mtu, ni wa kwenye hadithi, nimemtunga mimi mwenyewe kwenye simu hii. Nilijiandaa kutukanwa, tena ningestahili. Mama Shani akashika kiuno, akanitazama, akamtazama mama mkwe. Halafu, badala ya kukunja mkeka wake, akakaa vizuri zaidi, akaniuliza, "Haya, kafaje?"

Nikasema nimechelewa, kuna kongamano. Wakasema na wao wameacha shughuli zao, wameleta mchele, maji yanachemka, haiwezekani warudi makwao bila kujua marehemu alikuwa nani. Nilitamani kulia kwa hasira. Nilikuwa nimeisubiri siku hii kuliko nilivyoisubiri harusi yangu, na hawa wananizuia kwa sababu ya mtu asiyekuwepo duniani.

Basi nikasoma. Nimesimama katikati ya ua na baibui langu, najua kabisa huko ukumbini watu wameshaanza, nawasomea majirani mauti ya Bi Tatu. Mwanzo walinitania, mmoja akataka nimtajie ukoo wa huyo mke mwenza maana anawajua watu wa Zinga. Lakini nilipofika pale Bi Tatu anapomuomba yule binti amsuke nywele, na binti anasuka huku anajua kwa nini ameombwa, utani ukakatika. Nikasikia kamasi zinavutwa. Mama Shani alikuwa analia waziwazi, upindo wa kanga yake umelowa. Na mimi sikuwahi kuisoma hadithi yangu mbele ya watu.

Nilipomaliza sikungoja mtu aseme neno. Nikadandia bodaboda, nikamwambia kijana akimbize.

Ukumbi ulikuwa umejaa. Sijui nilitegemea nini, lakini kuona watu wote wale wenye miswada mapajani kulinifurahisha mpaka nikasahau kwa dakika moja kwamba nimechelewa. Kulikuwa na nesi anayeandika hadithi za watoto, fundi seremala mwenye mashairi ya mapenzi, na mabinti wa chuo wanaoandika mambo ya kutisha ambayo sitayasoma nikiwa peke yangu nyumbani. Nilidhani ugonjwa huu ninao mimi tu Bagamoyo nzima.

Somo nililolikosa lilikuwa lile lile nililolifuata: namna ya kumweleza mhariri kitabu chako. Nikakaa pembeni ya mzee mmoja mcheshi kutoka Pangani, Mwalimu Sefu, ameandika riwaya ya mabaharia wa ukoo wao. Akanihurumia, akaninong'oneza yote yaliyosemwa. Anza na kitabu, usianze na wewe. Sema kinamhusu nani, anataka nini, na nini kinamzuia. Usisimulie maisha yako. Usiombe radhi. Na ukiletewa mkataba, usome mpaka mwisho kabla ya kushika kalamu. Nikayameza yote.

Zamu yangu ilikuwa imepita. Nikawabembeleza wasichana wa mapokezi mpaka wakanichomeka mwisho kabisa, kabla ya chakula.

Mhariri anaitwa Bi Upendo, mama wa makamo kutoka Dar, miwani imening'inia kifuani, sauti ya taratibu. Nikakaa mbele yake, na nikafanya kila kitu ambacho Mwalimu Sefu aliniambia nisifanye.

Nilimpa shikamoo, akaitika marahaba. Hapo wengine wangefungua mswada. Mimi siwezi. Mtu mzima, mgeni, amekuja mjini kwetu, halafu nimrukie na shida yangu kabla sijamjulia hali? Nilivyolelewa mdomo wenyewe unagoma. Nikamuuliza safari, nikamuuliza amelalaje, mbu hawakumsumbua, watoto amewaacha wazima, chakula cha huku kinampanda. Naye akajibu vizuri, anatabasamu, akaniuliza na mimi nyumbani hawajambo. Nikamuomba radhi kwa kuchelewa. Akauliza kulikuwa na nini. Ulimi ukateleza nikasema msiba. Akavua miwani yake, akanishika mkono, akanipa pole kwa huzuni ya kweli.

Nikaona hii sasa ni dhambi. Pole ya pili ya uongo kwa siku moja siipokei. Nikamweleza ukweli, kuanzia mama mkwe kulala bila kula, mikeka, mchele, Mama Shani, mimi kusimama uani na simu. Nilikuwa bado naomba radhi kwa niaba ya mtaa mzima, kengele ya kumaliza muda wangu ikalia.

Jina la riwaya sikulitaja hata mara moja.

Nilitoka nje, nikazunguka nyuma ya ukumbi karibu na jiko, nikalia. Nasema ukweli, nililia wanja wote ukashuka. Miaka ya kuandika hina ikikauka, na nafasi yenyewe nimeimaliza kwa kuulizia mbu. Mwalimu Sefu akanikuta, akauliza imekuwaje. Nikamwambia nimemsalimia vizuri, tukaagana. Alicheka mpaka akashika ukuta, kisha akaona uso wangu akaniomba msamaha na kunipa leso yake.

Alinilazimisha nikale. Niko kwenye foleni ya wali na samaki wa nazi, hamu sina, nikaguswa bega. Bi Upendo, na sahani yake mkononi.

"Wale majirani zako," akaniuliza, "walilia kweli, au walikuwa wanakufariji wewe?"

Nikamwambia walilia kweli, tena wawili watatu walikuwa wameanza kwa kunitania.

Akaishusha sahani yake. "Leo wote walioketi pale wameniahidi kitabu chao kitawaliza watu. Wewe peke yako ndiye umekuja kuniomba radhi kwamba kimeshawaliza. Niletee nisome."

Mwalimu Sefu akanibana kiwiko, ndipo nikakumbuka kusema ahsante. Akaniuliza kama mswada umekwisha. Nikakiri kwamba sura ya mwisho sijaiandika, kwa sababu tangu nimuue Bi Tatu sijui huyo binti aliyebaki nimfanye nini. Akasema nimalizie kwanza, kisha nimtumie wote, atausoma yeye mwenyewe. Akanionya pia kwamba kusoma si kuchapisha, anaweza akausoma akaukataa, na nisije nikaanza kualika watu. Nikaitikia naelewa, naelewa, huku masikio yananivuma. Akanipa namba yake ya simu.

Nyumbani nilikuta mikeka imekunjwa, ua umefagiwa na wali wa msiba umeliwa wote isipokuwa sahani yangu iliyofunikwa. Mama mkwe kakaa na ukili wake kama kawaida. Nikamwangukia miguuni, nikamsimulia kila kitu bila kuvuta pumzi. Nilitegemea vigelegele.

Aliendelea kusuka. Kisha akauliza, "Huyo bibi huko Dar anaishi na nani?"

Nikasema sijui, kwa nini?

"Akifika pale pa Tatu, atakuwa na nani?"

Nikamweleza kwamba mhariri husoma peke yake, ofisini, mlango umefungwa, ndiyo kazi yake. Mama mkwe akaweka ukili chini. Naona hilo lilimgusa kuliko habari yote ya uchapishaji. Sisi, akasema, tulikuwa ua mzima na bado tulizidiwa. Yeye mwenyewe jana alilia peke yake chumbani usiku kucha, ndiyo maana asubuhi walipokuja na mikeka hakuwa na nguvu ya kuwarudisha. "Mwambie akifika hapo akupigie simu. Asikae na msiba ule peke yake."

Nilicheka. Halafu sikucheka tena, nikamlalia mapajani. Nimeolewa nyumba hii miaka mingi na sikuwahi kufikiri kwamba kitu nilichokiandika kingemfanya mtu amwonee huruma msomaji asiyemjua.

Aliponyanyua tena ukili wake akaniambia jingine, bila kunitazama. Kwamba Tatu wameshamlilia, basi, lakini yule binti nimemwacha mlangoni na kitana mkononi na hakuna mtu aliyemwambia apite ndani. Nani anakwenda kumchukua? Hilo ndilo nililokuwa silioni wakati wote huu. Nilikuwa natafuta atakwenda wapi, kumbe kinachotakiwa ni mtu wa kuja.

Nimemwandikia Bi Upendo ujumbe. *Shikamoo. Mama mkwe wangu anasema ukifika sura ya Bi Tatu usiwe peke yako, utupigie.* Nikaufuta, nikijua si namna ya kumwandikia mhariri. Nikauandika tena. Mama mkwe alikuwa amesimama nyuma yangu anasubiri, nikautuma.

Jibu limeingia sasa hivi: *Marahaba. Mwambie nitapiga.*

Kesho sina bibi harusi hata mmoja. Naamka, nasali, nashika simu yangu, nakwenda kumchukua yule binti mlangoni.