Kibali cha Ukutani

Ruangwa, 4 Juni 1955

Mdogo wangu Saburi,

Salamu. Sisi wazima, ila goti langu. Watoto hawajambo huko Nachingwea?

Nasikia unanunua mahindi. Nani kakuruhusu? Miaka yote mwenye kibali cha kununua mahindi huku ni mimi, na bado kinaning'inia dukani kwenye fremu. Wivu sina. Nauliza tu.

Kaka yako,
Abdalah

Nachingwea, 20 Juni 1955

Kaka Abdalah,

Shikamoo. Pole na goti. Watoto wanakuamkia.

Kaka, tumetangaziwa barazani kwamba vibali vimefutwa. Sasa anunue anayetaka. Mimi, tangu mashamba ya karanga yalipokufa nikaachishwa kazi ya trekta, nimebaki na baiskeli. Naipanda hadi Malolo, nanunua uani kwa mtu. Zamani walilima ya kula tu, maana kubeba gunia mpaka kwako na kushinda juani ilikuwa adhabu. Mwaka huu wamepanua mashamba. Toka nawe, tununue pamoja.

Mdogo wako,
Saburi

Ruangwa, 9 Julai 1955

Saburi,

Hujambo? Goti bado.

Mimi nipite uani kwa watu kama muuza samaki? Mnunuzi hukaa kitini, mahindi yakamfuata. Duka nimefagia, mizani nimeipaka mafuta, na hakuna anayekuja. Juzi umepita mbele yangu na magunia, ukapiga kengele. Sikulala kwa ile kengele. Haya, wivu ninao, nimesema! Malolo chukua. Nkowe ni kwa wakwe zangu, usikanyage.

Kaka yako,
Abdalah

Nachingwea, 2 Agosti 1955

Kaka,

Shikamoo. Goti linaendeleaje?

Kengele ilikuwa ya kukusalimu. Nkowe sikukanyaga. Lakini Alhamisi nimefungua mlango, nikamkuta shemeji Sikuzani na nduguze wa Nkowe, mizigo kichwani. Ni mahindi ya shamba lake mwenyewe. Nikamwambia, "Shemeji, si umpelekee mumeo?" Akajibu, "Mume wangu anasubiri wateja. Mahindi yangu yalikuwa nyuma ya nyumba yake, hajaniuliza hata siku moja."

Nimeyanunua. Nisamehe.

Mdogo wako,
Saburi

Ruangwa, 15 Agosti 1955

Saburi,

Salamu kwa watoto.

Sikuzani amerudi na khanga mpya, na kila akipita dukani anaitengeneza upya kiunoni. Inaniuma kuliko kengele yako. Kibali nimekishusha. Fremu ameichukua yeye, anaweka kioo chake.

Goti limepona. Nitafutie baiskeli, na kengele yake ilie kushinda yako.

Kaka yako,
Abdalah