Si Chini ya Kumi na Mbili

Jumatatu, 3 Novemba
Kipindi cha saa mbili asubuhi, chuoni Kwa Vonza. Wanafunzi arobaini na mmoja, wanne wamechelewa. Soko la msingi: kampuni inauza hisa mpya kwa umma, pesa zinaingia kwa kampuni. Soko la upili: wenye hisa wanauziana wenyewe, kampuni haipati kitu. Wameandika. Sikuwaambia kuwa mfano ninao nyumbani. Baba aliuza ekari tatu za Kathonzweni akanunua hisa za kampuni moja zilipotolewa mara ya kwanza, shilingi kumi na mbili kila moja. Bei ikaanguka. Alikufa akingoja irudi. Hisa sasa ni zangu.

Jumatano, 5 Novemba
Mama Mumbua amepiga simu. Ndiye aliyenunua shamba letu. Anahamia kwa binti yake Mombasa, kwa hiyo anauza. Amenipa nafasi ya kwanza. Arbuni, malipo ya kwanza ya kushikia shamba, imfikie Ijumaa ya wiki ijayo, tarehe kumi na nne. Akiba yangu haifiki nusu yake.

Nalitaka shamba lile. Miaka ishirini na sita, kabla ya kufundisha, niliandika gazetini habari za biashara za watu wengine, na sijawahi kutaka kitu hivi. Mteremko wa udongo mwekundu, mistari ya mbaazi hadi kwenye mkondo wa mchanga. Naweza kuuchora nikiwa nimefumba macho.

Ijumaa, 7 Novemba
Hisa ziko kumi na moja na senti sitini. Zinapanda. Nimempa dalali wa hisa oda: auze zote, si chini ya kumi na mbili. Akauliza kwa nini hapo. Nikasema ndiyo bei. Malipo huja siku tatu za kazi baada ya mauzo. Nisipouza kufikia Jumanne, arbuni haitafika Ijumaa.

Jumatatu, 10 Novemba
Darasani: aina mbili za oda. Ya bei ya soko, unauza papo hapo kwa bei iliyopo. Ya kikomo, unataja bei yako na kungoja, pengine bure. Nikauliza ipi ni bora. Munyoki, ambaye kwao Zombe wanauza mbuzi, hakungoja kuitwa.

"Mwalimu, mbuzi hajui ulimnunua ngapi."

"Wewe na mbuzi zako! Hapa ni hisa," msichana wa nyuma yake akasema.

"Hisa ni mbuzi asiyekula."

Darasa zima likacheka. Mimi pia. Nikasema jibu ni sahihi, nikaeleza kwa nini. Sikumpigia dalali.

Jumanne, 11 Novemba
Saa tano, hisa ziko kumi na moja na senti themanini na tano. Saa saba na nusu, tisini. Wanunuzi walikuwepo. Dalali akapiga. "Madam, ni senti kumi tu. Nishushe?" Nikasema angoje. Saa tisa soko likafungwa.

Nimepiga hesabu mara mbili. Kwa bei ile ya tisini arbuni ingetimia na chenji ikabaki. Sikuwa nikingojea pesa. Nilitaka Baba awe hakukosea.

Jumatano, 12 Novemba
Hisa zimeshuka, kumi na moja na senti arobaini. Nimemwomba Mama Mumbua anivumilie hadi Jumatatu.

"Mwanangu, Ijumaa ni Ijumaa. Kuna mtu wa Makindu ako na pesa mkononi."

Ana haki. Nguo zake amekwisha kufunga.

Ijumaa, 14 Novemba
Ameuza. Ujumbe umeingia saa nne. "Pole mwanangu. Mungu atakupa lingine."

Sitaki lingine.

Jumatatu, 17 Novemba
Somo la hatifungani, yaani kuikopesha serikali au kampuni kwa riba. Nimefundisha vibaya. Munyoki alinitazama, hakutania.

Alhamisi, 27 Novemba
Oda sikuwa nimeifuta. Leo saa nne na dakika kumi imetimia. Hisa zote, kwa kumi na mbili kamili. Dalali amenipongeza. Nimemshukuru.

Mvua Kwa Vonza tangu asubuhi. Kathonzweni pia, wanasema. Sijui yule mtu wa Makindu amepanda nini.